Kiinua Mgongo cha Shilingi Tatu na Nusu

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Waingereza walilipa kiinua mgongo cha jeshi lao la Afrika Mashariki kwa kutazama rangi kwanza, cheo baadaye. Askari Mzungu wa cheo cha chini kabisa, mkazi wa makoloni, alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi aliotumika. Mwafrika wa cheo hicho hicho alipata shilingi 3 na nusu. Piga hesabu ya kijana wa Koboko aliyetumika miaka minne: alirudi kwao na shilingi 168, na Mzungu wa cheo chake akaondoka na 480. Al Jazeera ilipoitoa hadharani hati ya malipo hayo mwaka 2019, wengi wa waliopunjwa walikuwa wamekwisha kufa. Hilo ni deni, na liitwe deni.

Vijana wa West Nile, pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda iliko Koboko, walijaa katika jeshi hilo, King's African Rifles, kwa sababu inayoeleweka. Mwaka 1914 wilaya yao ilihamishwa kutoka Sudan ikatiwa Uganda, boma likajengwa Arua, na kodi ikafuata. Pamba na kahawa zilikuwa fedha ya watu wa kusini. Mtu wa Arua au Koboko aliyetafuta shilingi za kodi alishuka kwenda kukata miwa Lugazi na Kakira, au alivaa sare. Maafisa wa Kiingereza walipenda kusema watu wa kaskazini wamezaliwa na vita damuni. Mimi naona kodi iliwasukuma kuliko damu.

Malalamiko ya malipo yalianza kabla boma la Arua halijakuwapo. Wanubi, ambao wajukuu zao leo wako Arua, Koboko na Bombo, ni kizazi cha askari wa Emin Pasha, gavana wa Equatoria, wale ambao Lugard, afisa Mwingereza, aliwachukua Kavalli, karibu na Ziwa Albert, mwaka 1891 wakamlindie Uganda. Mshahara wao ulikuwa rupia 4 kwa mwezi. Hata hizo hawakuzishika mkononi: walipewa vitambaa, tena kwa kucheleweshwa miezi. Upande wa Kenya ya leo, askari wa kazi hiyo hiyo alipata mara kadhaa zaidi. Mwaka 1897, wakiwa wamechoshwa na vita mfululizo, waliamriwa wamfuate Meja Macdonald kaskazini bila wake zao. Wakaasi. Katika ngome ya Lubwa, Busoga, walimuua Meja Thruston, aliyewajua na kuwaamini. Maasi yalizimwa kwa damu nyingi, na baada yake mishahara ikapandishwa.

Ofisini nako hesabu ilikuwa ya rangi. Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa serikali Afrika Mashariki mwaka 1947 na 1948, iliona ni sawa asiye Mzungu apewe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu. Elimu moja, kazi moja, na sehemu mbili kati ya tano zinakatwa. Tume ya Lidbury iliufuta utaratibu huo mwaka 1954, lakini ikaacha nyongeza maalumu kwa watumishi walioletwa kutoka ng'ambo.

Jeshini kulikuwa na ukuta mwingine, cheo cha efendi. Kiliwekwa kwa ajili ya Waafrika peke yao, na efendi mwenye miaka mingi kazini bado alikuwa chini ya luteni Mzungu aliyewasili jana. Idi Amin, ambaye baba yake alikuwa Mkakwa wa Koboko, aliingia jeshini mwaka 1946 akiwa msaidizi wa mpishi, akapewa uefendi mwaka 1959. Yeye na Shaban Opolot walikuwa Waganda wa kwanza kupata uofisa kamili, mwaka 1961.

Uhuru ukaja Oktoba 1962, na maofisa Waingereza wakabaki wakiamuru. Tarehe 23 Januari 1964, siku tatu baada ya wenzao wa Tanganyika kuasi, askari wa kambi ya Jinja wakamzuia waziri Felix Onama, mzaliwa wa West Nile, mpaka akakubali kuongeza mishahara. Waziri Mkuu Obote aliita majeshi ya Uingereza kutoka Kenya, mamia ya askari wakafukuzwa, lakini nyongeza haikuondolewa. Waingereza wakaanza kuachia vyeo. Mwaka huo huo kikosi cha kwanza cha Jinja kilikabidhiwa kwa Amin, na kila askari aliyebaki kambini alikuwa ameona ni nini kilichoilazimisha serikali kulipa.