Dungusi Katika Nchi ya Theluji

Alberto Vojtěch Frič, mzaliwa wa Prague wa mwaka 1882, alikuwa bado kijana wa shule, lakini wapenzi wa dungusi kakati walikuwa wameshamfahamu. Kisha yakaja majira ya baridi kali, na sehemu kubwa ya mimea yake ikaganda ikafa. Mwaka 1901, hajatimiza hata miaka 20, alipanda meli kwenda Brazil. Alikwenda kutafuta mingine.

Aliyewahi kuona dungusi ikifa kwa baridi ataielewa safari hiyo. Asubuhi ya kwanza mmea hauonyeshi kitu. Umesimama wima, mgumu kama jiwe, miiba yake mahali pake, na mwenyewe anaweza kujipa moyo kwamba umenusurika. Jua likipanda, barafu iliyomo ndani inaanza kuyeyuka. Ukijani unakuwa mzito kama kitambaa kilicholowa, ngozi inalegea, na ukiugusa kidole kinazama. Baada ya siku chache, mmea uliotunzwa miaka 20 umekuwa uji ndani ya mfuko wa miiba. Mkulima wa viazi wa Kinangop, Kenya, aliyelala shamba likiwa kijani akaamka akalikuta limeungua kwa sakitu, anayajua maumivu haya.

Dungusi zote asili yake ni bara la Amerika. Ipo moja tu ambayo pia ni ya asili Afrika, nayo wataalamu huiita Rhipsalis baccifera. Hiyo haina hata sura ya jangwa: ni kamba nyembamba za kijani zinazoning'inia kwenye matawi ya miti ya misitu yenye unyevu, Afrika Mashariki ikiwamo, na hutoa vitunda vyeupe ambavyo ndege huvipenda. Mnyaa wa ua wa nyumbani, ambao wengi huuhesabu kuwa dungusi, ni wa ukoo mwingine kabisa.

Ulaya ilizipata dungusi baada ya safari za Columbus. Mabaharia walizileta kama maajabu, na ajabu mojawapo ilikuwa kwamba hazikufa njiani. Wakati mche wa kawaida ulinyauka baharini kwa kukosa maji matamu, dungusi iling'olewa, ikatupwa ndani ya sanduku, ikakaa gizani kwa wiki nyingi, na ilipofika iliota mizizi upya. Hapo palikuwa na somo kubwa, ila ilichukua muda mrefu kulisoma.

Mwaka 1753 mtaalamu wa mimea Linnaeus, ambaye kazi yake aliifanyia Uppsala kwenye theluji ya Sweden, aliziweka aina 22 chini ya jina moja, Cactus, neno ambalo Wagiriki walilitumia kwa mmea mwingine wenye miiba. Huko London, Philip Miller, msimamizi wa bustani ya dawa ya Chelsea tangu 1722, alizigawa katika makundi, na majina yake kama Opuntia na Cereus yanatumika hadi leo. Lakini kazi ya Miller iliyokuwa ngumu zaidi ilikuwa kuvuka Januari. Watunza bustani wa enzi hizo walipitisha moshi wa moto ndani ya kuta za matofali. Walijaza pia mashimo kwa magome ya mwaloni yaliyokwisha kutumiwa na wasindika ngozi. Magome yale yakichacha hutoa joto la taratibu kwa miezi, na vyungu vilizikwa humo hadi shingoni. Kwa mimea mingi ya nchi za joto hiyo ilikuwa rehema. Kwa dungusi ilikuwa nusu ya rehema, kwa sababu joto lile lilikuja pamoja na unyevu.

Karne ya 19 ndiyo iliyoligeuza jambo hili kuwa homa. Magharibi ya mto Rhine, katika kasri la mashambani lililozungukwa na maji, mwanamfalme Joseph zu Salm-Reifferscheidt-Dyck aliikusanya mimea ya jangwa kwa uzito wa mtafiti. Orodha yake ya dungusi, iliyochapishwa mwaka 1850, ilitegemewa na wataalamu wa wakati wake. Lakini aliyezifikisha dungusi kwa watu wa kawaida ni mfanyabiashara wa miche. Mwaka 1822 Friedrich Adolph Haage, wa ukoo wa wakulima wa bustani wa Erfurt, alifungua kitalu chake mjini humo, na dungusi zikawa ndizo zilizolijenga jina lake. Uingereza nayo ilifuta kodi ya vioo mwaka 1845. Nyumba ya vioo, iliyokuwa fahari ya matajiri, ikaanza kuonekana nyuma ya nyumba za watu wa kipato cha kati, ikiwa na mabomba ya maji ya moto yaliyochemshwa kwa makaa ya mawe. Mwaka 1892 wapenzi wa Ujerumani waliunda chama chao jijini Berlin.

Moto, basi, ndio uliokuwa jibu la kila mtu. Na moto hula fedha. Anayehamia shamba la mbali lenye baridi hugundua haraka kwamba mimea inayotaka maji kidogo kuliko yote inataka kuni nyingi kuliko ng'ombe wanavyotaka majani.

Jibu lingine lilikuja polepole, na kwa sehemu lilitoka jangwani kwenyewe. Mwaka 1911 Forrest Shreve, mtafiti katika maabara ya jangwa ya Tucson, Arizona, aliandika kuhusu dungusi kubwa ya huko, saguaro, na mpaka wake wa kaskazini. Saguaro huvumilia usiku wa kuganda mradi kesho yake jua liyeyushe. Kinachoiua ni baridi ya kuganda isiyokatika, inayounganisha usiku na mchana hadi usiku mwingine. Kwa hiyo kipimajoto pekee hakitoshi. Saa nazo zihesabiwe.

Wapandaji wa Ulaya waliongeza kipimo cha tatu: maji. Dungusi iliyonyweshwa hadi Oktoba huingia baridini ikiwa imevimba, na maji yake yakiganda yanararua chembechembe za mwili wake. Iliyonyimwa maji mapema husinyaa, utomvu wake unakuwa mzito wenye sukari, na kuganda kunachelewa. Ndiyo sababu wenye ujuzi huacha kumwagilia kabisa kwa miezi kadhaa na kuziweka nyingi kwenye nyuzi 5 hadi 10 tu, kavu, zikiwa zimelala. Mgeni akiziona mwezi Januari, zimekunjamana na kupauka, hudhani zimesahauliwa. Kumbe ndiyo malezi yenyewe.

Frič alikuwa miongoni mwa walioubadilisha mchezo. Mwaka 1923 aliipata tena Mexico ile Astrophytum asterias, iliyoelezwa kitaalamu mwaka 1845 kisha ikatoweka kwenye bustani za Ulaya: duara bapa lisilo na mwiba hata mmoja, lenye vidoa vyeupe vilivyopangwa kama ushonaji wa kofia. Pia aliitafuta mimea ya Amerika Kusini, ambako milima ya Andes ina dungusi zilizozoea usiku wa sakitu karibu na njia za kondoo na llama. Hizo zilimfaa mtu asiye na makaa ya mawe.

Ukitaka kuona jinsi mahali panavyogeuza thamani ya mmea, itazame Laikipia, nchini Kenya. Mpungate, yaani dungusi ya kundi la Opuntia, ambao Ulaya uliwekewa vioo na mabomba ili usife, huko umeteka malisho. Tembo na nyani hula matunda na kusambaza mbegu. Miiba midogo hujeruhi midomo ya mbuzi. Wafugaji wameletewa kidudu mnyonyaji ili kiuue mpungate huo. Kidudu hicho ni cha jamii ileile ambayo Wahispania walitajirika nayo kwa kutengenezea rangi nyekundu.

Huko Ulaya, vita na siasa vimepita juu ya vitalu vya dungusi bila kuvimaliza. Cha Haage kilitaifishwa enzi za Ujerumani Mashariki, kisha kikarudi kwa ukoo baada ya nchi kuungana, na dungusi bado zinauzwa Erfurt.

Anayehama nazo leo kwenda shamba la baridi anaweza kufuata njia ya mabaharia. Aache maji wiki kadhaa kabla, azitoe vyunguni, akung'ute udongo, aiache mizizi ikauke kivulini, azifunge moja moja kwa gazeti na kuzipanga ndani ya boksi. Akifika, asizimwagilie kwa huruma. Zilizotoka nyanda za joto, kama Melocactus, zikae ndani ya nyumba pamoja na watu. Na ile isiyohitaji hata paa ipo: Opuntia fragilis, mpungate mdogo usiozidi kimo cha kifundo cha mguu, unaota wenyewe hadi bonde la mto Peace nchini Kanada, ukilala chini ya theluji msimu mzima, na kiangazi kikija unatoa ua la manjano.