Likizo Yangu Katika Magofu ya Tongoni

Ndugu zangu tuliopita Usagara, na ninyi vijana ambao bado mko madarasani,

Mhariri ameniomba niandike machache juu ya historia ya pwani yetu. Mimi ni mtumishi wa serikali, nashinda na majalada kutwa, wala sijiiti mwanahistoria. Lakini katika likizo ndefu ya mwaka 2003, nilipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilijitolea kuwatembeza wageni katika magofu ya Tongoni. Yaliyonifika huko naona yafaa kuelezwa, ijapokuwa mengine yananitia haya.

Tongoni iko kiasi cha kilomita 20 kusini mwa mji wa Tanga, karibu na barabara iendayo Pangani. Zamani upande ule ukijulikana kwa jina la Mtangata. Upo msikiti mkubwa wa mawe ya matumbawe na chokaa, paa limekwisha, na kando yake makaburi zaidi ya 40, mengi yakiwa ya zile za nguzo. Hapana mahali pengine Afrika Mashariki palipokusanya makaburi ya nguzo kwa wingi kiasi hicho. Nguzo nyingi zimeanguka. Ukitazama vizuri utaona vishimo vya mviringo: humo zilipachikwa bakuli za Kichina, nazo zilikwisha kubanduliwa, yamebaki matundu. Wataalamu huyaweka majengo hayo katika karne ya 14 na ya 15. Burton alipita pale mwaka 1857 akayakuta ni magofu tayari.

Nilipewa karatasi moja iliyopigwa chapa, nikaikariri kama tulivyokuwa tukikariri tarehe za Mkutano wa Berlin. Taabu ni kwamba karatasi ilikwisha kabla ya matembezi kwisha. Basi nikawa najazia. Karatasi ilimtaja Vasco da Gama na moto. Mimi nikaunga, nikawaambia wageni kwamba Wareno waliuteketeza mji wa Tongoni, na magofu haya ndiyo masalio ya moto ule. Wageni walisikiliza kwa huzuni, na wengine walinipa bakshishi. Niliendelea hivyo kwa wiki tano.

Siku moja, wageni walipokwisha kuondoka, mzee aliyekuwa akilinda pale aliniita.

“Mwanangu, huo mji uliungua lini?”

“Mwaka 1499, babu.”

“Mbona mawe haya hayana masizi?”

Sikuwa na jibu. Yule mzee hakusoma hata darasa moja, lakini alikuwa ameyapalilia magofu yale miaka mingi na kila jiwe analijua. Mimi niliyekuwa nikisomea shahada ya historia sikuwahi hata kuinama nikautazama ukuta.

Niliporudi chuoni nilikwenda maktaba kuitafuta shajara ya safari ile ya Wareno. Ilikuwa hivi: mnamo Aprili 1498, wakielekea Mombasa, merikebu yao São Rafael ilipanda mwamba mbele ya pwani yetu. Maji yalipojaa ikaelea. Watu wa huku waliwaendea kwa vyombo, wakiwa na machungwa ambayo Wareno wenyewe waliyasifu kuwa yanashinda ya kwao. Milima waliyoiona bara, yaani Usambara yetu, wakaipa jina la merikebu hiyo. Januari 1499, wakirudi kutoka Bara Hindi, mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa kiseyeye, na waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Waliichoma São Rafael pale pale penye miamba. Watu wa Mtangata wakawauzia kuku, wakalipwa mashati na bangili.

Kumbe kilichoungua ni chombo! Mji ulifanya biashara ya kuku. Mombasa ndiyo iliyochomwa, mwaka 1505, na Francisco de Almeida, nami nilikuwa nimeyachanganya yote mawili kwa sababu moto una utamu katika masimulizi.

Lilikuwapo na jambo la pili. Nilizoea kuwaambia wageni kwamba waliojenga pale ni Washirazi kutoka Uajemi, basi. Wachimbaji wa mambo ya kale walikuwa wamekwisha onyesha kwamba miji ya pwani iliota hapa hapa, kwa wavuvi, wakulima na wafua chuma wa huku. Utafiti wa mifupa ya kale ya Mtwapa, Manda, Songo Mnara na kwingineko, uliotolewa mwaka 2023, umeonyesha damu zimechanganyika: upande wa akina mama ni wa Kiafrika hasa, na kwa akina baba wengi imo asili ya Uajemi. Kwa hiyo wazee wetu waliojiita Washirazi hawakuwa wakisema uongo, ila mimi niliwafuta bibi zao.

Na bibi zao walikuwako. Asubuhi moja, nikiwa katikati ya maneno yangu juu ya “mji uliokufa”, mama mmoja wa kijijini aliingia na chetezo cha ubani na chupa ya marashi. Akachuchumaa penye kaburi moja, akanyunyiza, akaomba kimya kimya. Niliwavuta wageni pembeni, nikanyamaza hadi alipomaliza. Neno lile sikulitumia tena.

Mwaka jana nilikwenda tena na wanangu. Yule mzee amekwisha fariki. Niliwasimulia habari za machungwa na kuku, na mdogo akapitisha kidole ukutani kutafuta masizi. Ila wale wageni wa wiki tano za mwanzo, majina yao siyajui wala anwani zao sina, na naamini mpaka leo wanasimulia makwao jinsi Tongoni ilivyoteketezwa.