Saa tisa za kura

Vituo vya kupigia kura Tanzania Bara hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni. Ofisi za Serikali hufunguliwa saa 1.30 asubuhi na kufungwa saa 9.30 alasiri. Piga hesabu mwenyewe. Uchaguzi ukiangukia siku ya kazi, mtumishi hubakiwa na nusu saa kabla ya kazi na nusu saa baada yake. Foleni moja tu inatosha kuzimeza zote mbili. Kwa hiyo ruhusa ya kwenda kupiga kura si hisani ya mkubwa wa ofisi. Bila ruhusa hiyo, haki ya mtumishi hubaki maandishi matupu.

Mtumishi wa Serikali na kura wana historia ndefu. Mwaka 1953 Serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Ulipofika uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika, mwaka 1958 na 1959, masharti ya mpiga kura yalikuwa ni pamoja na kipato cha pauni 150 kwa mwaka au kiwango fulani cha elimu. Mkulima wa kawaida hakuyafikia. Karani wa Serikali aliweza kuyafikia. Basi karani huyo alikuwa na kura, lakini kadi ya TANU ilikuwa mwiko kwake.

Vyama vingi viliporejea mwaka 1992, uchaguzi mkuu wa kwanza uliofuata ulifanyika Jumapili, 29 Oktoba 1995. Hata Dar es Salaam, ambako kura zilifutwa kwa sababu ya vurugu na kasoro za vituoni, zilirudiwa Jumapili, 19 Novemba. Ofisi zikiwa zimefungwa, hapakuwa na haja ya kuomba ruhusa.

Jumatano ya kwanza ilikuja kwa msiba. Mwaka 2005 mgombea mwenza wa Chadema, Jumbe Rajab Jumbe, alifariki siku chache kabla ya uchaguzi, na kura za Muungano zikasogezwa hadi Jumatano, 14 Desemba. Mwaka 2020 Tume ilichagua Jumatano kwa hiari yake, 28 Oktoba, na Rais Magufuli akaitangaza kuwa siku ya mapumziko. Rais Samia alifanya hivyo hivyo kwa Jumatano, 29 Oktoba 2025. Siku ya katikati ya wiki ina sifa yake: haigongani na ibada ya Ijumaa, ya Jumamosi wala ya Jumapili.

Hata hivyo, mapumziko ya siku moja hutatua tatizo la saa, hayatatui la umbali. Chukua mfano wa Miono, wilayani Bagamoyo, kwenye njia inayokata kutoka barabara ya Chalinze na Segera kuelekea Saadani. Walimu, wauguzi na mabwana shamba hupelekwa mahali kama hapo kutoka kila pembe ya nchi, na huhamishwa vilevile. Kura ya diwani na mbunge hupigwa pale jina lilipoandikwa daftarini. Mwalimu aliyejiandikisha Miono kisha akahamishiwa Rukwa, Jumatano moja itamfikisha wapi, naye anatakiwa darasani Jumanne na Alhamisi?

Linganisha na uchaguzi mdogo wa Chalinze, jimbo lenye Miono ndani yake, uliofanyika Jumapili, 6 Aprili 2014. Kesho yake ilikuwa Siku ya Karume. Mtumishi aliyekuwa Dar es Salaam na jina lake liko Miono aliweza kwenda, kupiga kura, kulala kwa jamaa na kurudi bila kukosa kazi. Marekani nao walipoweka Jumanne kwa sheria ya mwaka 1845, waliwafikiria wakulima waliohitaji siku nzima ya safari baada ya ibada ya Jumapili.

Tusiwasahau pia wale ambao mapumziko hayawahusu: muuguzi wa zamu na askari wa doria. Zanzibar iliweka kura ya mapema kwa baadhi ya watumishi wa aina hiyo, ikapigwa 27 Oktoba 2020. Upinzani uliipinga vikali, na kiongozi wake, Maalim Seif Sharif Hamad, alikamatwa siku hiyo. Nafuu kwa mtumishi isipoaminiwa na pande zote huzaa ugomvi mpya.

Mwaka 2025 ulitufunza zaidi. Siku ya mapumziko iliishia katika vurugu, vifo na amri ya kutotoka nje usiku jijini Dar es Salaam, na kesho yake watumishi wakaambiwa wafanyie kazi nyumbani. Likizo humpa mtu muda. Haimpi imani na sanduku la kura.

Ushauri wetu ni mwepisi. Siku ya mapumziko iendelee kutolewa. Barua za uhamisho zisitolewe baada ya daftari kufungwa, ila kwa dharura. Na daftari linapoboreshwa, kila mkuu wa shule na kila mganga mfawidhi awape watumishi wake nafasi ya kuhamisha taarifa zao. Anayemfundisha mtoto wa Miono anastahili kumchagua diwani wa Miono.