Kipenyo cha Darubini

Kijana aliyekuwa akiuza vyombo vya mtumba mnadani Dodoma alikuwa na darubini moja tu, imelazwa kati ya pasi za umeme na viatu vya watoto. Boksi lake lilikuwa limechanika, ila picha ya Zohali na pete zake ilikuwa bado inaonekana, na chini yake namba kubwa nyekundu: 525. "Mzee wangu, hii inakuza mara mia tano ishirini na tano," alinihakikishia. "Mwezi utauona kama umetua kwenye ule mwembe." Nikalichukua bomba, nikaligeuza na kusoma maandishi madogo yaliyozunguka lenzi ya mbele: D=60mm, F=700mm. Herufi ile ya kwanza ndiyo iliyonifanya nitoe pesa.

D ni kipenyo. Aliyemaliza shule ya msingi analijua neno hili: ni mstari unaolikata duara katikati, ukingo hadi ukingo, na nusu yake ndiyo tuliyoizidisha kwa yenyewe, kisha kwa 22/7, tukapata eneo. Lakini tukiingia katika falaki, Kiingereza kinatumia maneno mawili. Moja ni la hesabu, la huo mstari. Jingine ni aperture, lenye asili ya kitenzi cha Kilatini cha kufungua, nalo linataja uwazi ambao mwanga unapitia. Mfasiri anayefuata Kiingereza hatua kwa hatua hujikuta anatafuta neno la pili, na hapo ndipo tunapopata "tundu la darubini", "uwazi wa lenzi", au "apecha" tuliyoazima kwa wapiga picha.

Sioni haja ya neno la pili. Kipenyo limetokana na -penya, kwa njia ile ile iliyotupa kizibo kutoka -ziba na kifungo kutoka -funga. Kabla ya kuwa istilahi ya hesabu lilikuwa, na bado ni, neno la mahali pembamba pa kupitia: mwanya uliobaki kwenye ua wa miti ambao mbuzi anaujua kuliko mwenye ua, au upenyo kati ya nyumba mbili unaopitisha mtu mmoja kwa ubavu. Ukisema kipenyo cha darubini ni milimita 60, umetaja mlango na upana wake kwa pumzi moja. Lugha nyingine inahitaji kueleza kwamba uwazi fulani una upana fulani. Sisi tulikwisha kuviunganisha.

Tundu silipendi kwa sababu linanipeleka kwenye kitu kilichotobolewa, na lenzi haijatobolewa. Uwazi limekwisha kuchukuliwa na mikutano na mikataba; likitajwa, msikilizaji anafikiria hesabu za serikali. Apecha halimwambii kitu mtoto wa darasa la tano, wakati kipenyo anacho tayari kwenye daftari lake.

Sasa tuone kipenyo kinafanya kazi gani. Mboni ya jicho la kijana, ikizoea giza, hufunguka kufikia kama milimita 7. Lenzi ya milimita 60 haizidi mboni hiyo mara tisa tu, kwa sababu mwanga huingia kwa eneo, na eneo hufuata kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe. Gawanya 60 kwa 7, zidisha jibu kwa lenyewe: takriban 73. Darubini ile ya mnadani ilikuwa inanipa mwanga wa kama macho 73 yaliyoelekezwa kwenye nyota moja. Ndiyo maana Kilimia, ambacho kwa macho wengi wetu tunahesabu nyota sita tu, ndani ya darubini huongezeka kuwa makumi. Na darubini ya milimita 120, ambayo kwa kuitazama ungesema imeizidi hii mara mbili, inapokea mwanga mara nne.

Kipenyo pia ndicho kinachoamua ukali wa picha. Ziko nyota ambazo jicho linaziona moja kumbe ni mbili, na darubini huzitenganisha kulingana na upana wa mlango wake. Kanuni inayotumiwa na watazamaji wa nyota ni kugawanya 116 kwa kipenyo cha milimita, na jibu linakuwa kwa sekunde za pembe, ambazo 3,600 hufanya digrii moja. Kwa 60 tunapata karibu 1.9. Alfa Kentauri, ile nyota kali ya manjano iliyo jirani na Msalaba wa Kusini, ni nyota mbili zilizoachana kwa zaidi ya sekunde 6 miaka hii. Jioni za Juni, anga la Dodoma likiwa kavu, nazitazama zikiwa vidonge viwili vya dhahabu, kimoja kikubwa kidogo kuliko mwenzake. Jicho langu peke yake halijawahi kuziona ila kama moja.

Na zile 525 zimetoka wapi? Ukuzaji hupatikana kwa kuugawanya urefu wa fokasi wa lenzi ya mbele, hiyo F ya 700, kwa ule wa lenzi ya jicho. Boksini mlikuwa na lenzi za jicho tatu: ya milimita 20 inakuza mara 35, ya 12.5 inakuza mara 56, ya 4 inakuza mara 175. Pamoja nazo kulikuwa na lenzi ya Barlow, yenye jina la Peter Barlow, mwanahisabati wa Uingereza, ambayo huzidisha ukuzaji mara tatu. Basi 175 mara 3 ni 525. Hesabu ni sahihi, na kijana yule hakunidanganya. Ila kipenyo hakiiruhusu. Mazoea ya watazamaji ni kuruhusu ukuzaji wa mara mbili kwa kila milimita ya kipenyo, kwa hiyo mlango wa 60 unabeba kama 120. Kuanzia hapo unaongeza maji kwenye chai: kikombe kinajaa, majani ni yale yale. Mwanga uleule uliopenya unatandazwa juu ya picha kubwa zaidi, na Zohali inakuwa doa lililovimba na kufifia. Ile lenzi ya milimita 4 sijaitumia tena. Ya 12.5 ndiyo inayokaa kwenye darubini usiku mwingi.

Hapa inafaa kusema kwa nini darubini yangu naiita darubini ya lenzi, si darubini ya kioo. Darubini lenyewe ni neno la Kiajemi, la kuona mbali, na halina utata isipokuwa pale watu wanapoichanganya na hadubini ya maabara. Tabu iko kwenye kioo. Tuna kioo cha dirisha, kioo cha kujitazamia na kioo cha simu, vyote neno moja. Kuna darubini zinazopindisha mwanga kwa lenzi na kuna zinazouakisi kwa kioo kilichopindwa, kama ile aliyoitengeneza Isaac Newton mwaka 1668. Ukimwambia mnunuzi "darubini ya kioo", zote mbili zina haki ya jina hilo, maana hata lenzi ni kioo. Maneno lenzi na akisi yanatosha: darubini ya lenzi, darubini akisi. Newton alikimbilia kuakisi kwa sababu lenzi moja hupinda rangi ya buluu zaidi ya nyekundu, na kila nyota angavu inavaa ukingo wa rangi. Aliamini hakuna dawa. Dawa ilikuwepo: kuunganisha lenzi mbili za vioo vya aina tofauti, moja ikirekebisha upindaji wa mwenzake, na John Dollond wa London alipata hataza ya kazi hiyo mwaka 1758. Darubini yangu ya mnadani ina jozi hiyo, na Zuhura pekee ndiyo bado inaonyesha utando mwepesi wa zambarau.

Vifaa vingine nivitaje kwa wanaotaka kununua. Kiwiko, kile kipande cha kioo kinachokuwezesha kutazama bila kuvunja shingo, huigeuza picha kushoto kuwa kulia, kwa hiyo ramani ya mwezi isikuchanganye. Shingo za lenzi za jicho nazo zina vipenyo vyake: darubini nyingi za zamani zilikuwa na milimita 24.5, za siku hizi 31.7, na lenzi ya moja haiingii kwa nyingine bila kiungo. Mguu wa ikweta, ambao jina lake linatuvutia, ulinisumbua kuliko vyote nilipoujaribu kwa rafiki yangu mmoja. Mhimili wake unapaswa kuelekea ncha ya anga, na huku kwetu Dodoma ncha ya kusini iko digrii 6 tu juu ya upeo. Miguu mingi imeundwa kwa nchi zilizo mbali na ikweta na haikubali kulala kiasi hicho. Mguu wa kawaida, wa juu-chini na kushoto-kulia, unatosha.

Kile kikioo cheusi kidogo kilichoandikwa jua, cha kuskurubu kwenye lenzi ya jicho, nilikivunja siku ile ile. Lenzi ya mbele imekusanya joto la kipenyo kizima na kulifikisha pale pale kilipo. Kinaweza kupasuka wakati jicho liko nyuma yake, na jicho halitapata nafasi ya pili. Kichujio halali cha jua hufunika mlango wenyewe, mbele, kabla mwanga haujapenya.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Mwalimu mmoja wa fizikia aliniambia kwamba kipenyo cha lenzi na kipenyo cha darubini vinaweza kutofautiana, na neno moja litavificha. Ana hoja. Galileo alifunika kingo za lenzi zake kwa duara la karatasi ngumu, kwa sababu ufundi wa wakati ule ulishindwa kusugua kingo sawasawa, na sehemu ya katikati ilitoa picha safi zaidi. Darubini za bei ndogo za siku zetu hufanya hivyo kimyakimya, kwa pete ya plastiki nyuma ya lenzi mbaya. Lakini naona hapo ndipo neno letu linapojitetea. Kinachohesabika ni mwanga uliopenya, na uliozuiwa na pete haukupenya. Lenzi ina upana wake. Kipenyo cha darubini ni kile kilichobaki wazi.

Kupima ni rahisi. Mchana lenga mlima wa mbali mpaka uonekane vizuri. Usiku, bila kugusa chochote, mulika tochi ndani ya lenzi ya jicho, kisha shika karatasi nyeupe mbele ya lenzi kubwa. Duara la mwanga linalotokea pale ndilo kipenyo. Yangu ilinipa 60 kamili. Ya mtoto wa jirani, aliyoletewa zawadi na boksi lake likiandika 50, ilitoa duara la 22. Tuliifungua, tukaitoa pete, na usiku ule mwezi ukawa mng'avu lakini umezungukwa na zambarau pande zote. Tukakata karatasi ngumu yenye tundu la 35, tukaipachika mahali pa pete. Mwezi ukatulia, na Mshtarii ikaonyesha miezi yake minne imejipanga mstari. Mtoto mwenyewe ndiye aliyeandika kwenye mkanda mweupe na kuubandika juu ya bomba: KIPENYO 35.