Tongoni: Chombo cha Wareno na Land Rover Yetu

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike juu ya ziara za Chama cha Historia enzi zetu. Nimeona nichague moja tu, ya Tongoni mwaka 1982, kwa sababu mbili. Kwanza, ndiyo iliyonifundisha maana ya kutafuta chanzo cha jambo. Pili, kuna neno ambalo sikulisema siku ile, na wanafunzi wenzangu wa kidato cha 3 wanastahili kulisikia kabla sote hatujatawanyika.

Vijana walioko shuleni sasa pengine hawajui hali ya usafiri ilivyokuwa. Pipa la mafuta ghafi, ambalo kabla ya vita vya Mashariki ya Kati vya 1973 liliuzwa kwa kiasi cha dola 3, lilipanda likafika dola 12 hivi mwaka 1974, na kufikia 1980 likapita dola 30. Katikati ya hayo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka wetu na Kenya ukafungwa, kisha vikaja vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, na vipuri vikawa adimu kuliko fedha zenyewe. Miaka hiyo magari ya binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa 8 mchana ili kubana petroli. Plagi ilisuguliwa kwa msasa ikarudishwa. Pointi ilichongwa mpaka ikaisha. Kwa hiyo tulipoazimwa Land Rover na ofisi moja ya mjini, tuliipokea kama posa.

Ilikuwa Series III ya petroli, injini ya lita 2.25 yenye silinda 4. Ilikuwa na ugonjwa mmoja uliojulikana na kila mtu. Barabarani ilivuta vizuri, lakini ikisimama injini ilitetemeka kama mtu mwenye homa, na mara nyingine ikazima. Mafundi wetu huuita mwendo huo wa injini gari likiwa limesimama "silensa", na silensa ya gari letu ilikuwa mbovu. Dereva alisema petroli ni chafu, imechanganywa na mafuta ya taa. Mwingine akasema ni pointi. Kila mmoja alikuwa na jibu, wala hapakuwa na aliyefungua boneti akatazama.

Mwalimu wetu wa Historia alisema wazi kuwa gari likiwa hivyo hatoweza kutuchukua. Basi Ijumaa jioni, watu walipokwenda kula, nilichukua bisibisi nikaenda peke yangu. Nilikwisha kumwona fundi akikaza skrubu inayozuia kabureta isifunge kabisa, na silensa ikapanda. Nami nikaikaza, mizunguko miwili au zaidi. Asubuhi injini iliunguruma kwa nguvu bila kutetemeka. Mwalimu akaridhika, tukaondoka.

Kutoka Tanga hadi Tongoni hazitimii kilometa 20, kwa barabara ya Pangani, ambayo siku hizo ilikuwa ya vumbi na matuta madogo yasiyokwisha. Tulifika kabla ya adhuhuri. Wenye kupafahamu wanajua: magofu ya msikiti wa mawe ya matumbawe, na makaburi yapatayo 40, mengi yakiwa na minara, ambayo baadhi imesimama na mingine imelala chini. Katika minara hiyo mnaonekana bado vishimo vilimopachikwa mabakuli ya kauri kutoka Uchina. Mji huu ulistawi katika karne ya 14 na ya 15, na Wareno waliujua kwa jina la Mtangata.

Tulikaa kivulini, Mwalimu akatusimulia habari ya Vasco da Gama. Mwezi wa Aprili 1498, akielekea Mombasa, moja ya merikebu zake, São Rafael, ilipanda mwamba nje ya pwani hii. Wenyeji walikwenda kwa mashua wakawapelekea machungwa. Maji yalipojaa, merikebu ikaelea. Milima ya Usambara iliyoonekana kwa mbali Wareno wakaiita kwa jina la merikebu hiyo. Mwaka uliofuata, Januari 1499, wakirudi kutoka Bara Hindi, walitia nanga mahali pale pale, wakahamisha mizigo, wakaitia moto São Rafael.

Mwalimu akauliza, "Kwa nini waliichoma?"

Mikono yote ikapanda, na jibu letu lilikuwa moja: kwa sababu iliharibika ilipopanda mwamba. Mwalimu akacheka. Akatuuliza kama merikebu iliyoharibika Mtangata ingewezaje kufika Mombasa, Malindi na Kalikati, kisha ikavuka bahari kurudi. Tukanyamaza. Ndipo akatueleza. Walipoondoka Bara Hindi hawakupata upepo wao, wakakaa baharini karibu miezi mitatu. Hapakuwa na matunda wala mboga. Fizi zikavimba, miguu ikavimba, watu wakafa. Waliofika pwani hii wenye nguvu ya kufanya kazi walikuwa saba au wanane tu kwa kila merikebu. Watu hao hawakutosha kuendesha vyombo vitatu. São Rafael ilichomwa kwa upungufu wa mabaharia.

"Mmechukua tukio lililo karibu mkalifanya chanzo," alisema. "Mwamba upo, moto upo, mahali ni pamoja, basi mkaviunga. Uliza kwanza chombo kilifanya nini katikati."

Nilikuwa nikiandika maneno hayo daftarini, nisijue kuwa yananihusu.

Alasiri, tulipokuwa tukijiandaa kurudi, mama mmoja wa kijijini alikuja akikimbia na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa na degedege. Akamwomba Mwalimu, "Mwanangu, nifikishe Bombo." Tukampisha mbele. Dereva akawasha gari, injini ikakohoa, ikazima.

Kumbe matuta ya njiani yalikuwa yameilegeza ile skrubu, ambayo springi yake ilikwisha kuchoka, ikarudi nyuma zaidi ya ilivyokuwa hapo kwanza. Kila dereva alipoondoa mguu kwenye mafuta, gari lilizima. Betri ilikufa baada ya mara ya tatu, tukatumia hendeli, kisha tukasukuma. Penye ng'ombe njiani, likazima. Penye daraja, likazima. Nilizihesabu: mara 11 kati ya Tongoni na mjini. Yule mama hakusema neno muda wote, alikuwa akimpepea mtoto kwa upande wa kanga.

Tulifika Bombo jua limekwisha zama. Namshukuru Mungu, mtoto alipokewa akatibiwa, na baada ya siku chache tukapata habari kwamba ametoka hospitali. Lakini lawama haikukosa pa kutua. Dereva ndiye aliyekaripiwa na wakubwa wake, kwamba alichukua wanafunzi katika gari asilolikagua. Nilikuwepo, nikanyamaza.

Jumatatu gari lilipelekwa kwa fundi mzee huko Ngamiani, nami nikatumwa kusaidia. Nilimwamkia, akaniambia nikae nitazame. Hakushika spana. Kwanza alimhoji dereva: linazima likiwa baridi au likipata moto? Linavuta mlimani? Aliposikia kwamba barabarani linavuta vizuri, alisema, "Basi pampu inaleta mafuta, koili inatoa moto, na jeti kubwa haikuziba. Hao tuwaache huru."

Akaliwasha, akalishikilia kwa kuinua silensa kidogo tu. Akachomoa waya za plagi moja moja. Kila alipochomoa, injini ilishuka kwa kiasi kile kile, maana yake silinda zote nne zilikuwa zikifanya kazi sawa. Kama moja ingekuwa na valvu iliyoungua, kuichomoa kusingebadili kitu. Kisha akazima akatoa plagi. Zote zilikuwa nyeusi kwa masizi makavu. "Petroli nyingi, hewa kidogo," alisema. Manifodi ikivuta hewa ya wizi penye gasketi, plagi huwa nyeupe. Hata hivyo aliwasha tena, akapaka oili kuzunguka maungio na bomba zote asikie kama mngurumo utabadilika. Haukubadilika. (Wapo wanaorashia petroli kwa jaribio hilo juu ya injini ya moto. Vijana, msithubutu.) Akapima pointi, akakuta nafasi yake ni sawa, kati ya milimita 0.35 na 0.40. Hakuigusa tena.

Hapo ndipo alipokwenda kwenye kabureta. Aliifunga skrubu ndogo ya mchanganyiko mpaka mwisho. Injini iliyo nzima, ukiikatia petroli ya silensa namna hiyo, huzima. Ile yetu haikuzima, iliendelea kukohoa. "Unaona," aliniambia, "nimefunga mlango, na maji bado yanaingia. Kuna tundu jingine." Akafungua kabureta. Ndani, kati ya vipande viwili, palikuwa na pete ndogo ya mpira, imekauka na kupasuka kwa uzee. Petroli ilipenya hapo bila kupimwa. Barabarani injini ilivuta hewa nyingi, hivyo ziada hiyo haikuonekana. Gari likisimama ilikuwa inaizamisha injini.

Pete mpya haikupatikana Tanga nzima. Sikukata tamaa, nikamwambia tukate tyubu ya baiskeli. Akatikisa kichwa: mpira wa tyubu ukilowa petroli huvimba. Alitafuta katika kopo lake la vyuma, akapata pete iliyotoka katika pampu kuukuu ya dizeli, inayostahimili mafuta. Akasugua uso wa kifuniko juu ya kioo chenye msasa mpaka ukanyooka, akafunga. Injini ikaunguruma taratibu, hata sarafu ingesimama juu yake.

Kisha akaigusa ile skrubu kubwa, iliyokuwa na mikwaruzo mipya ya bisibisi. "Nani amechezea hii?" Dereva akasema hajui. Mimi nikatazama chini.

Ndugu zangu, ni mimi. Nilinyamazisha mtetemeko ili tupate safari, na tatizo likabaki pale pale likisubiri wakati mbaya kuliko wote. Mwalimu ametangulia mbele ya haki, na fundi pia. Dereva yule, kama yu hai na jarida hili likamfikia, namwomba radhi. Karipio lile lilikuwa langu.

Kwa vijana: magari yenu ya leo hayana kabureta, petroli hupimwa na kompyuta, na fundi huanza kwa kusoma kodi za hitilafu. Lakini hiyo kodi nayo ni shahidi mmoja tu. Gari likitetemeka likiwa limesimama bado mtauliza mambo yale yale: linafanya hivyo lini, silinda zote zinafanya kazi, hewa inapenya wapi, petroli inapitia wapi. Na mkienda Tongoni, Mwalimu wenu akiwauliza kwa nini Wareno walichoma merikebu yao, msikimbilie kunyoosha mkono.