Mawe Makavu ya Pwani

Kwetu Itumbe tunajua mawe ya aina mbili. Kuna lile la shambani linalovunja jembe, na kuna jiwe la sabuni la Tabaka, lile la kuchonga vifaru na bakuli za watalii. Kwa hivyo mteja mmoja wa Nairobi aliponiagiza kilo 40 za "mawe makavu" ya tangi la samaki wa baharini, niliona hizo ni pesa rahisi. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, naishi kwa vibarua vya kuandika, na hiki kilikuwa kibarua kisichohitaji hata sentensi moja. Si ningebeba tu ya Tabaka?

Siki ndiyo iliyoniokoa. Nilidondoshea jiwe la Tabaka, likanyamaza. Nikadondoshea kipande cha jiwe la Pwani ambacho rafiki alikuwa amekiweka dirishani, kikatoa povu. Povu hilo linamaanisha chokaa, yaani mifupa ya matumbawe. Lina vitundu vingi ajabu, na ndani ya vitundu hivyo hukaa bakteria wanaogeuza amonia ya mikojo na mavi ya samaki kuwa nitraiti, kisha nitreti, ambayo haina makali hayo. Bila wao samaki wako anakufa ndani ya uchafu wake mwenyewe, hata maji yaonekane safi kama kioo. Jiwe laini la Tabaka halina nyumba za namna hiyo.

Basi nikapanda gari la Mombasa.

Ukanda wa Pwani ya Kenya umekalia mwamba wa matumbawe yaliyokufa miaka kama 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, imesimama juu ya mwamba huo, na kuta zake ni mwamba huohuo. Kiwanda cha Bamburi kilianza kuusaga kuwa simiti mwaka 1954, kikaacha mashimo makubwa ambayo René Haller alianza kuyapanda mivinje mwaka 1971. Ukilinganisha na hayo, kilo zangu 40 ni vumbi la kiatu.

Lakini mafundi wa Waswahili walikuwa na jiwe la pili, na hili ndilo lililonikosesha usingizi. Halikuchimbwa nchi kavu. Lilikatwa baharini, tumbawe likiwa bado hai. Likitoka majini ni laini, unalichonga karibu kama mti, kisha likikauka linakuwa gumu. Kule Shanga, kisiwa cha Pate, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta msikiti wa jiwe la namna hii uliojengwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, juu ya mabaki ya misikiti ya miti. Kizimkazi, Unguja, maandishi ya Kikufi yaliyochongwa msikitini yanataja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Fundi alikuwa na muda mfupi: achonge kabla jiwe halijakauka. Mimi nadhani ndiyo maana mistari yao imenyooka hivyo. Hakukuwa na nafasi ya kusitasita.

Wafugaji wa samaki wa Ulaya na Marekani nao walianza na jiwe la baharini. Kwa miaka mingi walinunua mawe yenye viumbe hai kutoka Fiji, Tonga na Indonesia, yakisafirishwa kwa ndege yakiwa mabichi. Malalamiko ya kuharibu miamba yakazidi, vibali vikawa vigumu, wengi wakahamia mawe makavu ya nchi kavu. Ni kama walirudi kwenye lile jiwe la kwanza la Fort Jesus.

Kilifi nikampata muuzaji mwenye rundo. Mengi yalikuwa mabaki ya machimbo, sawa kabisa. Halafu akatoa moja chini ya gunia: bapa, jeupe, lina mstari wa mapambo ukingoni kama kamba iliyosokotwa.

"Hili la urembo, kaka. Nitakuachia."

Nikapiga picha, nikamtumia mteja. Akajibu kwa sekunde: chukua, nitaongeza mara mbili. Pesa hizo zingenilipia kodi miezi miwili, na sitakudanganya kwamba sikupiga hesabu. Mzee aliyekuwa amekaa kivulini akaniangalia tu. "Hilo liache, mwanangu. Hilo lina wenyewe."

Huenda lilitoka kwenye kaburi, au mlango wa nyumba fulani iliyoanguka. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inalinda vitu vya namna hiyo, ila mzee hakuitaja, na mimi pia sikuikumbuka wakati ule. Niliwaza tu fundi yule, amekimbizana na jua, na kazi yake inaenda kukaliwa na mwani sebuleni kwa mtu. Nikalirudisha chini ya gunia. Sijui kama nilisaidia. Huenda lilinunuliwa kesho yake.

Nilibeba ya machimbo. Nikayasugua kwa brashi, nikayaloweka kwenye maji yenye jiki wiki nzima, nikayasuuza mpaka harufu ikaisha, nikayaanika juani. Kisha wiki sita ndani ya pipa la maji ya chumvi, gramu 35 kwa lita, pampu ikizungusha, kifuniko juu ili mwani usiote. Fosfeti iliyojificha ndani hutoka polepole, kwa hivyo unapima, unamwaga, unaanza tena. Mteja alichoka kusubiri. Alilipa nusu, akasema mawe yangu hayana sura.

Kipande kimoja kilibaki, nikaenda nacho nyumbani. Mama anakitumia kusugua visigino akitoka kuchuma majani chai. Anasema la Tabaka linateleza.