Nokia, Miaka 160: Kampuni Iliyojua Kuhama

Ungemuuliza Mfini wa miaka ya 1970 Nokia ni nini, angekuonyesha miguu yake. Gambuti alizovaa shambani zilikuwa za Nokia. Matairi yaliyompitisha kwenye theluji yalikuwa ya Nokia, na karatasi ya chooni kwake huenda nayo ilitoka huko huko. Mwaka 2025 kampuni hiyo ilitimiza miaka 160, na katika umri wote huo, simu za mkononi zilizoitangaza kuanzia Helsinki hadi Sumbawanga zilichukua kama miaka 30 tu.

Ilianzia mtoni. Mwaka 1865 mhandisi wa migodi, Fredrik Idestam, alijenga kinu cha kusaga magogo kuwa rojo la karatasi kwenye maporomoko ya Tammerkoski, mjini Tampere, wakati Finland ikiwa bado chini ya mfalme wa Urusi. Miaka mitatu baadaye akajenga kinu cha pili karibu na mji wa Nokia, na jina likatoka hapo. Mwaka 1871 yeye na rafiki yake, mwanasiasa Leo Mechelin, waliunda kampuni ya hisa. Mechelin alikuwa na hamu ya kuuza umeme. Idestam hakuitaka biashara hiyo, na ilibidi mwenzake asubiri hadi mzee alipostaafu ndipo kampuni ikaanza kuzalisha umeme, mwanzoni mwa karne ya 20. Huo ndio uhamaji wa kwanza, na mingine ilifuata.

Kiwanda cha mpira kilichoanzishwa mwaka 1898 kilisogea karibu na Nokia kufuata umeme huo, na hatimaye mteja akamnunua mwenye mitambo. Kiwanda cha nyaya, kilichoanza Helsinki mwaka 1912, nacho kikaingia mikononi mwa wamiliki hao hao. Watatu hawa waliishi kama ndugu wa nyumba moja kwa miongo kadhaa, kila mmoja na hesabu zake, mpaka mwaka 1967 walipounganishwa rasmi kuwa Nokia.

Mkubwa kati yao kwa mapato alikuwa wa nyaya, na hapo Umoja wa Kisovieti una mchango wake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Finland ililazimika kuwalipa Wasovieti fidia kwa bidhaa, nyaya zikiwemo. Deni lilikwisha mwaka 1952, lakini mteja alibaki. Kwa karibu miaka 40 Moscow ilinunua kwa uhakika, na fedha hizo ndizo zilizokilea kitengo kidogo cha elektroniki ambacho mwanzoni hakikuwa na faida yoyote ya kujivunia.

Kutoka kitengo hicho zilikuja simu. Nchi za Skandinavia na Finland zilipofungua mtandao wao wa pamoja wa NMT mwaka 1981, Nokia ilikuwa na chombo tayari. Mobira Senator ya mwaka 1982 ilikuwa na uzito wa kilo 10 hivi, kwa hiyo ilikaa kwenye gari. Cityman ya mwaka 1987 ilipungua hadi gramu 800, na Wafini waliibatiza Gorba baada ya Mikhail Gorbachev kupigwa picha akiongea nayo.

Mkurugenzi wa enzi hizo, Kari Kairamo, alitaka ukubwa wa haraka na alinunua viwanda vya televisheni Ulaya ambavyo vilimeza fedha tu. Alifariki Desemba 1988. Miaka mitatu baadaye Umoja wa Kisovieti ukavunjika, mteja mkubwa akatoweka, na Finland ikaingia kwenye mdororo mbaya wa uchumi. Jorma Ollila, aliyetoka benki ya Citibank na kuongoza kitengo cha simu, alikabidhiwa kampuni nzima mwaka 1992. Karatasi, matairi na gambuti vilikuwa vimekwisha kutengwa au kuuzwa. Ollila akamalizia kazi: nyaya zikauzwa, televisheni zikaachwa, na kila senti ikawekwa kwenye mawasiliano. Ukiwa na ujasiri wa kuuza kilichokulisha kwa miaka 100, unastahili bahati, na bahati ilikuwapo.

Bahati hiyo iliitwa GSM, kiwango cha pamoja cha simu za kidijitali. Julai 1, 1991, waziri mkuu wa zamani, Harri Holkeri, alipiga simu ya kwanza ya GSM duniani kwa mitambo ya Nokia. Aliyepokea alikuwa Kaarina Suonio, naibu meya wa Tampere, mji ule ule wa kinu cha Idestam. Kiwango hicho kilipoenea Ulaya, Asia na Afrika, Nokia ilienea nacho. Mwaka 1994 ilitoka 2110 ikiwa na mlio uliokatwa kutoka muziki wa gitaa wa Mhispania Francisco Tárrega. Mwaka 1997 mhandisi Taneli Armanto aliweka mchezo wa nyoka kwenye 6110. Mwaka 1998 Motorola ilipitwa, na Nokia ikawa ya kwanza duniani kwa wingi wa simu. Ya 3310, iliyofuata mwaka 2000, iliuzwa mara milioni 126.

Lakini simu ninayotaka tukae nayo ni 1100 ya mwaka 2003. Vitufe vyake vyote vilifunikwa na mpira mmoja mzima ili vumbi lisipate pa kuingilia. Ubavuni palikwaruza kidogo ili isiteleze kwenye mkono wenye jasho. Juu kabisa palikuwa na taa ndogo: ukikishikilia kitufe cha C, inawaka. Hakuna kamera, hakuna rangi, na chaji ilikaa siku nyingi. Wakenya waliziita simu za aina hiyo mulika mwizi, Watanzania wakaziita vitochi. Ziliuzwa 1100 zaidi ya milioni 250, na simu ya Nokia iliyotimiza bilioni moja, mwaka 2005, ilikuwa 1100 iliyouzwa Nigeria. Sidhani kama kuna kiwanda cha Ulaya kilichowahi kumfikiria mtu anayeishi bila umeme wa gridi kwa makini namna ile.

Tena haikuwa kubahatisha. Nokia ililipa watu kwenda kukaa na wateja. Mtafiti wake Jan Chipchase alikuta Uganda mbinu iliyoitwa sente: mtu wa Kampala ananunua vocha, badala ya kuijaza anampigia mwenye simu ya kulipia kijijini na kumsomea namba. Mwenye simu anajaza kwake, anakata chake, na ndugu wa yule wa Kampala anapewa fedha taslimu. Simu ya 1200 ya mwaka 2007 ilikuja na daftari tano za majina ndani ya simu moja pamoja na kihesabu cha gharama, kwa sababu watafiti walishaona kwamba simu moja inatumiwa na nyumba nzima, na kila mtu ana watu wake.

Machi mwaka huo huo Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya. Menyu yake ilikaa kwenye laini, kwa hiyo simu ya tochi iligeuka benki bila kubadilishwa hata skrubu moja. Miezi miwili kabla ya hapo, jijini San Francisco, Steve Jobs alikuwa ameonyesha iPhone.

Wengi husema Nokia haikuiona iPhone ikija, na mimi sikubaliani nao. Ilikuwa na simu ya kupangusa mwaka 2004, kifaa cha intaneti kinachoendeshwa na Linux mwaka 2005, na maabara zilizojaa vielelezo. Tatizo lake ni kwamba ilikuwa ikiuza. Kuanzia 2007 hadi 2010 ilisafirisha zaidi ya simu milioni 400 kila mwaka, kati ya simu 3 na 4 kwa kila 10 duniani. Idadi hiyo ilibebwa sana na simu za bei nafuu za India na Afrika. Mkurugenzi Olli-Pekka Kallasvuo, mwanasheria aliyepitia idara ya fedha, angeweza kusoma jedwali la mauzo na kuona ushindi, ilhali huko juu, kwenye simu za bei kubwa zenye faida nono, wateja walikuwa wakiondoka. Kwa hiyo sisi tuliozipenda 1100 na 1200 tulikuwa, bila kujua, sehemu ya pazia lililomficha mgonjwa.

Ndani ya kampuni hali ilikuwa ya woga. Wasomi wawili, Timo Vuori na Quy Huy, waliwahoji watu 76 wa ngazi mbalimbali na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Wakubwa waliogopa soko na wenye hisa. Wasimamizi wa kati waliwaogopa wakubwa, maana aliyeleta habari mbaya alifokewa. Hivyo mfumo endeshi wa Symbian, uliozoeshwa simu za vitufe na kutiwa viraka mwaka hadi mwaka, uliripotiwa kuwa unaendelea vizuri wakati wahandisi wakijua hauwezi kushindana. Mwaka 2008 Android nayo ikaingia, na watengenezaji wengine wakapewa bure kile ambacho Nokia ilikuwa ikihangaika kukijenga peke yake.

Huku kwetu mshindani hakutoka California, alitoka China na laini mbili. Mtu mwenye laini ya bei nafuu ya kupiga na nyingine ya kupokelea fedha alitaka zote ziwe hewani, na Tecno ya kampuni ya Transsion ilimpa hivyo mapema. Nokia ilitangaza C1-00 mwaka 2010: ilikuwa na nafasi mbili za laini, lakini moja ikiwa macho nyingine ilibidi ilale. Kwa kampuni iliyowahi kubuni daftari tano za majina, huo ulikuwa uzembe. Transsion ikaja baadaye na kamera zilizorekebishwa kwa ngozi nyeusi, na mashabiki wa vitochi wakahama.

Septemba 2010 bodi ilimwajiri Stephen Elop, Mkanada kutoka Microsoft, mkurugenzi mtendaji wa kwanza asiye Mfini. Februari 2011 aliwaandikia wafanyakazi waraka wa mtu aliyesimama kwenye jukwaa la mafuta linalowaka, hana budi kuruka baharini. Waraka ukavuja. Siku chache baadaye akatangaza kwamba Nokia itahamia Windows Phone. Ni kama muuza maandazi atangaze alfajiri kwamba haya ya leo yamechina, subirini ya kesho: Symbian ilidharauliwa hadharani mwezi wa pili, na Lumia ya kwanza, simu ya Windows Phone, ikafika madukani mwishoni mwa mwaka. Katikati hapo nani angenunua? Hata N9, simu nzuri iliyotumia mfumo wa MeeGo na kusifiwa na wakaguzi, ilizinduliwa ikiwa tayari imehukumiwa. Mwanzoni mwa 2012 Samsung ikaipita Nokia, na mwaka huo huo kiwanda cha simu cha Salo kikafungwa. Hata jengo la makao makuu, Espoo, liliuzwa, kampuni ikabaki ndani kama mpangaji.

Septemba 2013 kitengo cha simu kiliuzwa kwa Microsoft kwa yuro bilioni 5.44. Elop aliondoka na malipo ya zaidi ya yuro milioni 18, jambo lililowakera Wafini hadi serikalini. Microsoft nayo haikufaidi: mwaka 2015 ilifuta thamani ya dola bilioni 7.6 kwenye vitabu vyake na kupunguza maelfu ya wafanyakazi. Lililofanywa vizuri, na halisimuliwi vya kutosha, ni mpango wa Nokia ulioitwa Bridge: kuanzia 2011, mfanyakazi aliyepoteza kazi aliweza kupewa hadi yuro 25,000 za kuanzisha biashara yake. Kampuni changa zipatazo 1,000 zilizaliwa hivyo.

Simu zenye jina la Nokia hazikutoweka. Tangu 2016 zinatengenezwa chini ya HMD, kampuni ya Espoo yenye wazee wengi wa Nokia, inayolipia haki ya kutumia jina. Ilirudisha 3310 mwaka 2017 na 3210 mwaka 2024, na watu wa makamo walizinunua kwa furaha. Mwaka huo wa 2024 HMD ilianza pia kuuza simu kwa jina lake yenyewe, ishara kwamba kulipia jina la watu kuna mwisho. Kinachonivutia zaidi ni betri. BL-5C, iliyokaa ndani ya 1100, imekuwa kipimo cha redio ndogo na spika za kichina, na maduka ya vifaa vya simu bado yanaziuza kwa mafungu. Nokia ilihangaika nayo sana: mwaka 2007 iliwatahadharisha wateja kuhusu betri milioni 46 za aina hiyo zilizotengenezwa na Matsushita, kwa sababu ziliweza kupata joto kali zikichajiwa. Vijitabu vya simu vilimfundisha mteja kukagua lebo inayong'aa na kukwangua ukingo wake asome namba zenye tarakimu 20. Sijawahi kumwona mtu akikwangua.

Nokia yenyewe ilikuwa imekwisha kuhama tena. Mwaka ule ule wa kuuza simu ilinunua sehemu ya Siemens katika kampuni yao ya mitambo ya mitandao, na mwaka 2016 ikaichukua Alcatel-Lucent, pamoja na maabara za Bell ambako transista ilibuniwa mwaka 1947. Leo inaishi kwa kuuza mitambo ya minara na nyaya za kioo, na kwa hataza ambazo watengenezaji wa simu wanazilipia. Inashindana na Huawei na Ericsson, na haishindi kila zabuni. Mwaka 2023 ilibadili nembo, ili wateja wa kampuni kubwa waache kuidhania duka la simu. Aprili 2025 mkurugenzi mtendaji mpya, Justin Hotard, aliingia kutoka Intel, alikokuwa akisimamia vituo vya data na akili unde. Oktoba mwaka huo Nvidia ilitangaza kununua hisa za Nokia za dola bilioni 1, kwa nia ya kuifanya mitambo ya minara ibebe pia kazi za akili unde.